Namna ya Kuitengenezea Injini Njia ya Hewa kwa Fedha Kidogo

Lita moja ya petroli, ili iungue barabara ndani ya injini, haitosheki na hewa iliyo chini ya lita elfu tisa. Kwani kwa hesabu ya uzito kila sehemu moja ya petroli hudai sehemu 14.7 za hewa, na hewa ya mahali pa joto kama petu ni nyepesi hata kilo moja yake hujaza nafasi ya lita zaidi ya mia nane. Hewa, basi, ndiyo wali, na petroli ni kitoweo tu. Wala si ajabu kwamba mwenye gari dogo, aonapo wenzake wameng'oa sanduku jeusi la plastiki lililotoka kiwandani na kutia mahali pake bomba linalong'aa na chujio jekundu lenye umbo la pia, huingiwa na hamu ya kufanya vivyo hivyo, na aulizapo bei akakuta kwamba kifaa hicho kikiagizwa ng'ambo kitamla fedha aliyokuwa ameiweka kwa matairi, huanza kuwaza kama hawezi kukitengeneza mwenyewe. Aweza, tena aweza kutengeneza kilicho bora kuliko kile cha dukani, maadamu ajue kwanza ni kitu gani anachokitafuta.

Nitachukua kuwa mfano Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE, ambayo ujazo wake ni sentimita za ujazo 1498, kwa kuwa magari ya namna hiyo ni mengi katika miji yetu na mafundi wake hawahitaji kutafutwa kwa taa. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya lita moja na nusu, izungukapo mara 6000 kwa dakika, upeo wa hewa inayoivuta ni lita 4500 kwa dakika, yaani lita 75 kwa kila sekunde, na kwa kweli huwa pungufu kidogo ya hapo kwa sababu silinda hazijai sawasawa. Hewa hiyo ikipitishwa katika bomba lenye kipenyo cha milimita 50 hulazimika kukimbia takriban mita 38 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 63, mita 24. Na katika bomba la milimita 76, mita 16 na nusu. Kwa kuwa upinzani wa bomba huongezeka kwa mraba wa mwendo wa hewa, kutoka 50 kwenda 63 ni hatua yenye maana, ilhali kutoka 63 kwenda 76 ni kujitafutia taabu ya nafasi chini ya boneti kwa faida ambayo hakuna dereva atakayeihisi. Bomba la milimita 63, basi, latosha kwa injini hii na kwa nyingi zilizo sawa nayo.

Walakini upana wa bomba si jambo kubwa kama watu wanavyodhani, na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wa gereji. Hewa kadiri inavyopata joto ndivyo inavyopungua uzito, na hesabu yake ni kwamba kila nyuzi tatu za joto zinazozidi hupunguza takriban asilimia moja; hivyo injini inayovuta hewa ya nyuzi 60 kutoka chini ya boneti, ilhali nje kuna nyuzi 30, imekwisha kupoteza karibu asilimia tisa ya hewa yake kabla bomba halijasemwa kwa wema wala kwa ubaya. Chujio lile jekundu la pia, likikaa wazi ubavuni mwa injini na nyuma ya rejeta, huvuta hewa hiyo hiyo ya moto, hasa gari linapokuwa limekwama katika foleni. Na mwenye gari, akisikia mngurumo mpya kila akanyagapo mafuta, husadiki kuwa gari limepata nguvu, kumbe lililoongezeka ni kelele. Sanduku la kiwandani lilitengenezwa na watu waliolipwa kuinyamazisha sauti hiyo, na kimya chake si dalili ya kuzibwa.

Kwa hivyo nakushauri, ewe msomaji, kabla hujashika msumeno, ufungue boneti na kulichunguza ulilo nalo. Magari yetu mengi yalifika hapa yakiwa yamekwisha kutumika, nayo yamepita mikononi mwa mafundi kadhaa, na aghalabu utakuta kwamba mdomo wa plastiki uliokuwa ukivuta hewa ya nje kutoka ndani ya madigadi au nyuma ya taa kubwa umekatika au umetupwa siku ya kubadilisha betri. Kwamba klipu mbili katika nne za sanduku zimevunjika na kifuniko kimefungwa kwa kipande cha waya. Na kwamba mpira wenye mikunjo uelekeao kwenye throto, yaani kilango cha kuingizia hewa kwenye injini, umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki ila kwa kioo cha mkononi. Gari la namna hiyo halihitaji njia mpya ya hewa, bali lahitaji kurudishiwa ile ya zamani, na kazi hiyo peke yake yaweza kuleta nafuu kuliko bomba lolote linalong'aa.

Kama una shaka juu ya mahali penye kizuizi, ziko njia za kupima ambazo hazigharimu kitu, nazo napenda kuzieleza kwa urefu kwa sababu ni wachache wanaozitumia. Uazime kwa mwashi ule mpira mwembamba wa wazi autumiao kupimia usawa wa msingi, kiasi cha mita nne au tano. Kipande cha mita mbili ukipinde mfano wa herufi U na kukifunga juu ya ubao wenye urefu wa mita moja, na katikati ya mikono miwili ya mpira ubandike rula au karatasi uliyoichora sentimita. Tia humo maji uliyoyakoleza kwa chai ya rangi ili yaonekane, mpaka yafike nusu ya ubao. Mkono mmoja uuache wazi, na mwingine uuunge kwa mpira uliosalia, uupitishe kwenye upenyo wa dirisha na pembeni mwa boneti, mpaka kwenye tundu dogo ulilotoboa upande safi wa sanduku la chujio, yaani upande wa baada ya chujio, tundu ambalo baadaye utaliziba kwa kizibo cha mpira kisichopitisha hata pumzi. Ukiisha, mtafute mwenzako akae na ubao magotini, nanyi mwende mahali ambapo barabara ni nyoofu na haina watu. Dereva akanyage mafuta hadi mwisho katika gia ya pili, na mwenzake asome tofauti ya maji kati ya mikono miwili wakati injini ikaribiapo mwisho wa mizunguko yake.

Tofauti ya sentimita kumi za maji ni takriban asilimia moja ya shinikizo la hewa tunayoivuta sote. Ukisoma sentimita ishirini, maana yake ni kwamba chujio, sanduku na mdomo wake, vyote pamoja, vinaizuilia injini asilimia mbili tu, na hata ukivitupa vyote ukaiacha injini ivute upepo wa bure, hutaongezewa zaidi ya hapo. Uweke hesabu hiyo kando ya ile asilimia tisa ya joto, nawe utajua fedha yako inafaa kwenda wapi. Kisha urudie kipimo hicho hicho ukiwa umehamisha mpira upande mchafu wa sanduku, kabla ya chujio: ikiwa tofauti kubwa ya maji ipo hapo tayari, mdomo ndio mwembamba, ikiwa hapo maji hayakutikisika sana, ila yaliruka ulipopima baada ya chujio, basi chujio limejaa vumbi na dawa yake ni chujio jipya. Kwa joto, mafundi wa friji wana kipimajoto chenye waya mrefu ambacho ncha yake yaweza kutiwa ndani ya sanduku na kisomeo chake kikakaa mbele ya dereva. Ukitazame gari likiwa katika mwendo, kisha ukitazame tena baada ya robo saa ya foleni.

Tuseme sasa kwamba umepima na kuona kuwa sanduku lako linavuta hewa ya moto kwa mdomo mwembamba, kama yalivyo mengi. Kazi iliyo mbele yako, kwa rai yangu, ni kulibakiza sanduku la kiwandani pamoja na chujio lake la karatasi, na kulitengenezea mdomo mpya mpana utakaoleta hewa ya nje. Hii ndiyo kazi iletayo faida kubwa kwa gharama ndogo, na uzuri wake ni kwamba yote yatendeka upande wa kabla ya chujio, ambako kosa la fundi haliui injini.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali pa kuvutia. Pasiwe nyuma ya rejeta, kwa kuwa hewa itokayo hapo imekwisha kupashwa joto na maji ya moto ya rejeta; pasiwe karibu na ekzosi; na pasiwe chini ya bampa. Mahali pazuri ni mbele ya lile bamba linaloshikilia rejeta, kwa juu, ambapo upepo wa safari hupiga moja kwa moja, au ndani ya madigadi kwa kupitia tundu aliloliacha mtengenezaji mwenyewe, alimradi ile plastiki inayokinga tope la tairi ipo na haikupasuka. Wako wanaoushusha mdomo hadi karibu na lami kwa hoja kwamba huko ndiko kwenye ubaridi. Hewa ya karibu na lami mchana wa jua si ya baridi hata kidogo, na wakati wa masika, pale Jangwani, Dar es Salaam, au katika barabara yoyote ya miji yetu ambayo hugeuka mto kwa mvua ya saa moja, mdomo wa namna hiyo utavuta maji. Maji hayashindiliki. Pistoni ipandapo na kuyakuta yamejaa juu yake, kinachotii ni konrodi, nayo hupinda au hukatika na kutoboa ubavu wa injini. Na hasara hiyo haina uwiano wowote na nguvu mbili tatu za farasi ulizokuwa ukizitafuta. Mdomo, basi, uwe juu ya usawa wa taa au sawa nao, na mahali pa chini kabisa pa bomba, kabla ya chujio, utoboe tundu la milimita tano ili maji ya mvua yapate pa kutokea. Ukilitazama sanduku la kiwandani kwa chini utaona kwamba waliolitengeneza walifanya vivyo hivyo.

Kuhusu vifaa, hapana haja ya kuagiza kitu. Mafundi wa Gerezani kwa Dar es Salaam, na wale wa Kirinyaga Road na Grogan kwa Nairobi, wana vipande vya kila namna: mabomba ya alumini yaliyong'olewa katika magari yenye turbo, mipira minene ya intakula za malori, na hata midomo ya plastiki ya magari makubwa ambayo ukiikata kidogo yaingia katika gari lako kana kwamba ilizaliwa humo. Hivi vya plastiki ndivyo nivipendavyo kuliko vyote, kwa sababu ni vyepesi, havipitishi joto upesi, na ndani ni laini. Alumini ni nzuri kwa macho lakini hupata joto mara moja na kuipa hewa inayopita. Bomba la chuma la mafundi wa ekzosi ni rahisi na lapatikana kila mahali, ila ni zito na hupata kutu. Ama bomba la plastiki la maji, lile la PVC lenye kipenyo cha milimita 63, ambalo watu hulikimbilia kwa urahisi wa bei, lina aibu moja, nayo ni kwamba hulainika lifikapo karibu na nyuzi 80, na chini ya boneti ziko pembe ambapo joto hilo hufikiwa bila shida. Kwa hiyo ulitumie mbele ya rejeta peke yake, wala usilipitishe kamwe jirani na ekzosi, ambako huweza kubonyea ndani na kuinyonga injini ukiwa safarini, au likashika moto na kutoa moshi wenye tindikali.

Upindaji wa bomba ni kazi yenye ufundi. Kona moja ya ghafula huizuia hewa kuliko urefu mwingi wa bomba nyoofu, hivyo kona ziwe chache na za mviringo mpana. Fundi wa ekzosi asiye na mashine ya kupindia hujaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili kwa mbao, akalichoma moto mahali pa kona na kulipinda polepole, nao mchanga huzuia lisibonyee. Njia hiyo ni nzuri na ya siku nyingi, lakini nataka usikie vizuri: bomba lililopindwa kwa mchanga lisikae kamwe upande wa baada ya chujio, hata ukiliosha mara saba, kwa sababu punje zilizonasa katika chuma hutoka baadaye, moja moja, kwa mtikisiko wa injini. Vivyo hivyo bomba lililochomelewa: matone ya chuma na magamba ya kuchomelea hubaki ndani yamejishikiza, na siku yakibanduka, kama hakuna chujio mbele yake, yataingia katika silinda. Ndiyo sababu nikasema kazi yetu iwe upande wa kabla.

Ukate ncha za bomba kwa msumeno wa chuma, uzipige tupa mpaka zisiwe na makali, kisha usugue kwa msasa. Mahali ambapo mpira utavalishwa, umwambie fundi atie matone manne ya kuchomelea kuzunguka ukingo, yasuguliwe yawe vivimbe vidogo, ili mpira ukisha kukazwa kwa klipu usichomoke. Mdomo wenyewe uutanue kwa nje kama upindo wa kanzu, kwa kuwa ukingo mkali wa bomba lililokatwa wima huifanya hewa ijikunje pembeni na kupunguza upana unaotumika; na mbele yake uweke wavu wa matundu makubwa wa kuzuia majani na wadudu, si wavu wa mbu, ambao hujaa vumbi kwa wiki moja na kukurudisha ulikotoka. Kati ya bomba na sanduku utumie mpira laini, kwa sababu injini hutikisika na mwili wa gari hautikisiki pamoja nayo, na muungano mgumu utapasua sanduku. Vishikizo vya bomba navyo uvitilie vipande vya tairi kuukuu katikati ya chuma na chuma. Mwisho wa yote, ukiwa na bamba la alumini lililobaki kwa fundi sufuria, ulisimamishe kati ya sanduku na ekzosi, bila kugusa upande wowote. Kizuizi hicho cha bei ya bure hufanya kazi kuliko unavyotarajia.

Yuko ambaye hatatosheka na hayo, naye atataka kuliondoa sanduku na kufunga chujio la pia. Simkatazi, ila namshurutisha mambo mawili. Alijengee chujio lake chumba cha bamba chenye ukingo wa mpira unaogusa boneti, ili lisivute ila hewa ya mdomo wa nje; na anunue chujio la asili iliyo dhahiri, kwa maana vumbi la barabara zetu si mchezo. Mchanga mwembamba ni silika, nayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na punje zisizoonekana kwa macho ndizo zinazokula ringi za pistoni. Machujio ya pamba yenye oili hufanya kazi yakihudumiwa kwa uangalifu, lakini oili ikizidi huruka na kuchafua sensa ya kupimia hewa, ambayo nitaieleza hapa chini. Ama wale wakatao sponji ya godoro na kuifunga kwa waya mdomoni mwa throto, hao sina la kuwaambia ila waanze kuweka akiba ya kufungua injini. Hapo zamani Land Rover, trekta za Massey Ferguson 135 na Volkswagen ndogo za mviringo zilikuwa na chujio la kuogea oili, ambamo hewa hushuka, ikageuka ghafula juu ya oili na kuliacha vumbi lake humo, kisha ikapanda kupitia manyoya ya waya. Chombo kizito na kichafu kukisafisha, lakini kiliwavusha wakulima wetu katika vumbi lililo zito kama unga, na ukikikuta kizima katika gari la zamani usikitoe kwa ajili ya mapambo.

Yasiyoonekana ndiyo yanayoleta taabu nyingi baada ya kazi hii. Corolla niliyoitaja haina sensa ya hewa ndani ya bomba. Kompyuta yake hukadiria hewa kwa kupima shinikizo ndani ya manifoldi, hivyo husamehe mabadiliko mengi. Lakini Probox yenye injini ya 1NZ-FE, na magari mengi ya baadaye, yana waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme, ambao hewa ipitapo huupoza, nayo kompyuta hujua kiasi cha hewa kwa kupima umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Waya huo ulizoezwa kwa bomba la upana mmoja tu. Ukiuhamisha kutoka bomba la milimita 60 kwenda la 70, umeongeza nafasi ya kupitia kwa zaidi ya theluthi, hewa ile ile sasa yapita kwa mwendo wa chini, sensa yasoma pungufu, na injini yapewa petroli pungufu. Basi sensa isitolewe katika nyumba yake ya asili, na isiwekwe mara tu baada ya kona, bali iachiwe kipande cha bomba nyoofu mbele yake.

Kadhalika uuangalie mpira utokao kwenye kifuniko cha valvu, kile ambacho mafundi hukiita tapeti kava, kwenda kwenye bomba la hewa. Injini hupumua kwa mpira huo, na sharti uungwe baada ya chujio, na katika gari lenye sensa, baada ya sensa pia. Ukiuacha ukining'inia, injini itavuta vumbi moja kwa moja ndani ya oili yake. Na ukiwa na sensa, itavuta hewa isiyohesabiwa, ndipo utakapoona injini ikisitasita gari lisimamapo na taa ya injini ikiwaka.

Kazi ikiisha, uijaribu kabla ya kuisifu. Uhakikishe kwanza kwamba hapana harufu ya petroli popote, uiwashe injini na kuiacha ikizunguka polepole, kisha uchukue kijiti cha udi kinachotoa moshi na kukizungusha taratibu kwenye kila muungano kuanzia chujio hadi throto. Moshi wa udi hupanda wima mahali pasipovuja. Ukifika penye ufa utauona ukipinda na kuingia ndani kwa uzi mwembamba. Papo hapo uzime, ukaze klipu au ubadilishe mpira. Gundi ya gasketi si dawa ya mpira uliopasuka, japo wengi huiamini. Baada ya hapo rudisha ule ubao wa maji na kile kipimajoto, upime barabara ile ile kwa gia ile ile na, ukiweza, saa ile ile ya mchana. Maji yakipungua sentimita tano na joto la ndani ya sanduku likashuka nyuzi kumi na tano wakati wa foleni, umefanya kazi njema, hata kama sauti ya gari haikubadilika hata chembe.

Wenye magari ya milimani wasije wakailaumu njia ya hewa kwa kosa lisilo lake. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita, na hapana bomba liwezalo kuirudisha; hiyo ni kazi ya turbo. Wenye magari ya kabureta yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi nao watazame mdomo wa chujio: mengi yana kilango kinachochagua kati ya hewa ya nje na hewa iliyopashwa moto kwenye ekzosi ili kabureta isigande barafu, na kilango hicho kikikwama upande wa moto, injini hupumua joto mwaka mzima hapa petu bila mtu kujua. Ukifunge kielekee nje.

Ama wenye Land Cruiser na Hilux za dizeli, wapitao katika mito na barabara za vumbi, hao haja yao ni bomba la kupanda hadi usawa wa paa. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalilifanya bomba hilo kuwa mashuhuri katika miaka ya 1990, magari ya Toyota, Subaru na Mitsubishi yalipokuja yakiwa nalo ubavuni mwa kioo. Laweza kutengenezwa kwa bomba la ekzosi la milimita 76 na fundi mzuri wa kuchomelea, ila kila muungano wake, pamoja na kifuniko cha sanduku na lile tundu la kutolea maji chini yake, sharti uzibwe pasipopita maji, la sivyo ni pambo. Na hata likizibwa, alternata, gia na ekseli zina njia zao za kupumulia ambazo bomba hilo halizikingi.

Katika safari ya kwanza ya vumbi, ukirudi, ufungue mpira wa throto na kupangusa ndani ya bomba kwa kitambaa cheupe kilichokauka. Kikitoka na wekundu wa vumbi, chujio halikukaa vizuri katika kitako chake au kifuniko hakikukazwa. Usiliendeshe tena gari hilo mpaka ujue ni lipi. Chujio la karatasi usilioshe kwa maji, wala usilipulize kwa upepo wa kompresa kutoka nje kwenda ndani. Ulipigepige taratibu, ulipulize kwa upepo dhaifu kutoka ndani, ulitazame mbele ya balbu kama halikutoboka, na ujue kwamba likiwa na vumbi kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko likiwa jipya kabisa, kwa hiyo hapana haja ya kulisumbua kila Jumapili. Na vile vipande vya kiwandani ulivyovitoa, mdomo, klipu na kile kisanduku cha kupunguzia sauti, uvifunge pamoja katika mfuko na kuviweka uvunguni, kwa sababu atakayelinunua gari hilo kwako huenda akavidai.